Mshairi wa Ujiji kwenye Wizara ya Sheria

(Mhadhara wa hadhara, Kasulu)



Mada niliyopewa ni wanasheria walioingia kwenye siasa hadi wakashika wizara ya sheria. Nchi yetu haina upungufu wa watu hao. Julie Manning alikuwa mwanamke pekee katika kundi la kwanza la wanafunzi wa sheria Dar es Salaam, kitivo kilipofunguliwa mwaka 1961, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Joseph Sinde Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu, akawa Waziri wa Sheria mwaka 1983, na miaka miwili baadaye akawa Waziri Mkuu. Kila mmoja wao anatosha kuwa mhadhara. Lakini nasimama Kasulu, na baadhi yenu mmedamka Kibondo alfajiri ili mfike hapa. Naona haya kuwapita watu wa mkoa huu na kwenda kutafuta mawaziri wa mbali, wakati Ujiji ilitoa Waziri wa Sheria mwaka 1963. Kasoro yake ni moja tu kwa mujibu wa mada niliyopewa: hakusomea sheria.

Huyo ni Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wengi mnalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa mpira wa Arusha. Wengine mmelikuta darasani, kwenye somo la ushairi. Ni wachache wanaolihusisha na faili la mirathi lililopo mezani kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, hapa Kasulu au kule Kibondo, asubuhi hii tunapozungumza. Kwa hiyo leo nataka tumtazame pale, kwenye faili.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Akiwa kijana alijiunga na Jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mmoja wa waliosaidiana na Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953, tafsiri iliyozua mabishano makali misikitini na ambayo baadaye ilimfanya Sheikh Abdallah Saleh Farsy atoe ya kwake. Mwaka 1954 Eagle Press ya Nairobi ikachapa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Akaenda Rabwah, Pakistan, kusoma dini. Aliporudi TANU ilikuwa imeshika kasi, na mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru alitumwa kuongoza Mkoa wa Magharibi, ambao makao yake yalikuwa Tabora na ambao ulikuwa bado unajumuisha Buha, nchi ya Waha. Mwaka 1963 akakabidhiwa Wizara ya Sheria. Hakudumu. Mwaka uliofuata alihamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa, na tarehe 9 Oktoba 1964 akafariki dunia mjini Bonn, Ujerumani, akiwa na miaka 40.

Msishangae kwamba mshairi alipewa sheria. Aliyemtangulia, Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, alisomea kilimo Makerere. Wanasheria Waafrika nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na kitivo cha Dar es Salaam kilikuwa hakijatoa hata mhitimu mmoja. Jaji Mkuu alikuwa Ralph Windham na Mwanasheria Mkuu alikuwa Roland Brown, wote Waingereza. Serikali ya wananchi ilihitaji mtu wa kusimama kati ya hao wataalamu na watu wa vijijini. Ilihitaji mtu ambaye Kiswahili chake hakuna wa kukitilia shaka. Mwaka huohuo wa 1963 Rais mwenyewe alikuwa ametoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Serikali ile ilikuwa na waandishi wengi kuliko mawakili, na mimi siioni aibu yoyote hapo.

Tena kuna ushahidi kwamba uwakili haumkingi waziri na mitihani ya kiti hicho. Japani ni Waziri wa Sheria anayetia saini hati ya kunyongwa kwa mfungwa. Sugiura Seiken, wakili, alipoingia wizarani mwaka 2005 aliwaambia waandishi wa habari kwamba hatatia saini hati hizo. Muda mfupi baadaye akayafuta maneno yake, lakini hadi anaondoka hakuwa ametia saini hata moja. Chiba Keiko, naye wakili, alikuwa mpinzani wa adhabu ya kifo kwa miaka mingi. Alipokuwa waziri akatia saini hati za watu wawili Julai 2010, akaenda kushuhudia wakinyongwa, kisha akawafungulia waandishi wa habari chumba cha kunyongea ili taifa lione kinachofanyika kwa jina lake. Wote wawili walisoma sheria ileile. Kilichowatofautisha hakikutoka chuoni.

Sasa turudi Buha.

Wazee wangu mnakumbuka, au mlisimuliwa na waliokumbuka, shauri lilivyokuwa likiamuliwa kabla ya uhuru. Heru ilikuwa na mwami wake, yaani chifu, Muhambwe na wake, Buyungu na wake. Chini ya mwami walikuwapo watware, machifu wadogo, na ardhi ilikuwa na bateko, waliojua nani alifyeka pori lipi na nani amepewa sehemu ipi. Mkoloni aliwaacha machifu waendelee kuamua mashauri ya Waafrika katika mahakama za wenyeji, huku mashauri ya wengine yakienda kwa mahakimu wa serikali. Mtu aliyekusanya kodi ndiye aliyekuwa mwamuzi wako, na kama alikuwa na kisa na baba yako ulikuwa umeshindwa kabla hujafungua kinywa.

Hilo ndilo lililovunjwa mwaka 1963. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka huo ulipoanza. Kisha ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kazi mwaka 1964, ikaziunganisha mahakama zote katika ngazi moja: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, halafu Mahakama Kuu. Mha wa Makere, Mhindi wa dukani na Mwingereza wa serikalini wakawa wanapanda ngazi ileile. Mahakama ya mwanzo ikawa ya Kiswahili, ikawa na wazee wa baraza wanaokaa na hakimu, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Mtu alijisemea mwenyewe. Nawaambia kwa dhati, ndugu zangu mawakili mlioko hapa, kwamba sijaona mageuzi ya mahakama yaliyomgusa mwanakijiji wa mkoa huu kuliko hayo. Yalipitishwa wizara ikiwa mikononi mwa mshairi.

Mwaka uleule una madoa yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, iliyompokonya hakimu hiari yake na kurudisha viboko ishirini na vinne, nusu mfungwa anapoingia gerezani na nusu anapokaribia kutoka. Sitaikawilia hiyo. Nataka kukaa kwenye jambo la tatu la mwaka huo, ambalo halikuwa na kelele kama viboko lakini limeishi muda mrefu zaidi.

Kazi ya kukusanya mila za makabila na kuziandika zifanane ilianza kabla ya Abedi. Aliyeibeba zaidi alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mila, ambaye tayari alikuwa ameandika juu ya sheria za Wahaya na za Wasukuma. Serikali mpya iliipenda kazi hiyo kwa sababu yake yenyewe: ilitaka taifa moja, na taifa moja lisingeendeshwa na mila mia na ushee, kila mmoja akija mahakamani na ya kwake. Ndipo mwaka 1963 zikatoka Amri za Tamko la Sheria za Mila, kwa Matangazo ya Serikali namba 279 na 436. Ya kwanza ilihusu mahari, ndoa, talaka na watoto. Ya pili ilihusu ulezi, urithi na wosia. Zililengwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, na sisi Waha tumo katika hesabu hiyo.

Ukiifungua ile ya urithi utakuta warithi wamegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa. La pili ni watoto wengine wa kiume. La tatu ni mabinti. Mwanamke anaweza kurithi, inasema, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo ataitumia maisha yake yote lakini hawezi kuiuza, ila kama ukoo hauna mwanamume hata mmoja. Mjane hana fungu ikiwa mume ameacha jamaa zake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Naomba tusome hayo tukiwa tunakumbuka tumekaa wapi. Hapa ni Heru. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, aliyekuwa kwenye kiti cha Heru alikuwa Mwami Theresa Ntare. Nchi iliyotawaliwa na mwanamke ikaletewa karatasi inayosema binti ni wa daraja la tatu kwenye shamba la migomba la baba yake. Sisemi kwamba mila za Buha ziliwapendelea wanawake. Mwenye kusema hivyo hajakaa na bibi zetu. Nasema kwamba mila ilikuwa na milango. Mwenye kauli ukooni aliweza kupindisha jambo kwa sababu ya binti aliyebaki nyumbani akimuuguza baba. Mteko alijua kuna pori bado. Wazee walibishana usiku kucha, na mara nyingine binti alitoka na kitu. Iliyoandikwa mwaka 1963 ni kauli ya upande mmoja wa ubishi ule, upande wa wanaume watu wazima walioulizwa, na kalamu ikaufunga mjadala.

Kuna jambo lingine la ajabu zaidi. Waziri alikuwa Mwislamu wa Ujiji. Kwa watu wa mji alikozaliwa, wanaorithishana kwa sheria ya Kiislamu, binti ana fungu lake lililotajwa, nusu ya fungu la kaka yake, na mjane mwenye watoto ana thumni. Unaweza kuona nusu ni kidogo, lakini ni fungu la haki, na hapokonywi na kikao cha ukoo. Kwa hiyo ndani ya mkoa mmoja, ukitoka ziwani ukapanda milima hadi Kasulu na kuendelea Kibondo, mwanamke alizidi kupoteza kadiri gari lilivyopanda. Sijui kama Sheikh aliwahi kuliwaza hilo akiwa ofisini. Najua kwamba alikuwa na elimu ya kuliona.

Nimesema alikuwa mshairi, na hapo ndipo ninapoyaunganisha maisha yake mawili. Kabla ya 1954, mizani na vina vya mashairi ya Kiswahili vilikaa masikioni mwa watu. Malenga alijua shairi limekaa sawa kwa kulighani. Abedi akaziandika kanuni: mizani ngapi, vina vikae wapi, ubeti uweje. Alikusudia kufundisha, na alifundisha vizazi. Lakini miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, kile kitabu cha kufundishia kiligeuzwa kuwa mahakama. Wakubwa wa ushairi walikitumia kutoa hukumu kwamba haya si mashairi, na ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi. Kanuni iliyoandikwa ili ijulikane ilikuwa imekuwa ukuta.

Amri ya urithi imepita njia hiyohiyo, ila hapa aliyezuiwa nje ya ukuta ni mama mwenye watoto. Mnaujua utaratibu. Mume akifa, kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, karatasi zinapelekwa mahakama ya mwanzo. Mara nyingi msimamizi ni shemeji. Mjane ametia dole gumba kwenye muhtasari ambao hakusomewa. Akilalamika, anaambiwa ndivyo mila ilivyo, na safari hii mila imechapwa na serikali, ina namba. Zamani angeweza kubishana na mzee kuhusu mila. Atabishanaje na Tangazo la Serikali?

Walikuwapo waliobishana. Mwaka 1990 kule Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithishwa na baba yake, akasema kanuni ile ya 1963 haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaweka wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa uanamke wake ni batili. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipoipeleka Amri yenyewe Mahakama Kuu, uamuzi wa mwaka 2006 ulikubali kwamba ina ubaguzi kisha ukakataa kuifuta, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa kalamu ya jaji. Rufaa yao ilianguka kwa kasoro ya hati, si kwa hoja. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki zao na ikaitaka irekebishe sheria. Hoja ile ya kalamu ya jaji inanichekesha kila ninapoisoma, kwa sababu mila hiyo ililetwa kwa kalamu ya serikali tangu mwanzo.

Nani alaumiwe? Wapo wanaharakati wanaomtaja waziri wa 1963 kana kwamba alikaa usiku akabuni madaraja matatu. Siwaungi mkono. Kazi aliikuta njiani, serikali nzima iliitaka, na alikuwa na miezi michache tu kitini. Lakini pia siwaungi mkono wanaomsafisha kabisa. Mtu aliyejua kuliko wote nchini nini hutokea jambo la mdomo linapotiwa kwenye kitabu, alitakiwa kuuliza swali moja tu: wanawake waliulizwa? Wizara yake haikuuliza, na jina lake limebaki hapo. Kwa mahakama ya mwanzo nampa heshima kamili. Kwa Tangazo namba 436 namdai.

Kuhusu lugha ya mahakama, deni lililipwa polepole mno. Mahakama ya mwanzo ilipata Kiswahili mapema, lakini ukikata rufaa, mwenendo wa shauri lako ulitafsiriwa kwa Kiingereza, na kutoka hapo mdai wa Kibondo hakuielewa tena kesi yake mwenyewe. Kwa miaka mingi tena ilimbidi aifuate Tabora. Ni Februari 2021 ndipo Bunge lilipopitisha mabadiliko ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Waziri aliyesimamia muswada huo, Mwigulu Nchemba, ni mchumi. Mshairi aliianza kazi hiyo, mchumi akaja kuimalizia, na wanasheria waliokuwa katikati kwa zaidi ya miaka hamsini walikuwa na sababu nzuri za kitaalamu za kuahirisha. Nalisema hili kwa upole kwa sababu nawapenda.

Mwanachuo mmoja aliniuliza nje, kabla hatujaanza, kwamba basi tusidai waziri wa sheria awe mwanasheria? Dai, mwanangu, ila lisiwe dai lako la kwanza. Dai kwanza kwamba anayeandika sheria ya watu wa Kibondo awe amewasikiliza watu wa Kibondo, wakiwamo wasiotia saini muhtasari wa kikao cha ukoo. Na siku hizi watu wa huku wameongezeka aina. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imepokea Wakongo tangu 1996 na Warundi juu yao, ile ya Nduta imepokea Warundi, watu wanaoana, wanafiwa, wanaacha mali na watoto. Mila ya nani itaamua? Waliochapa Amri ya 1963 hawakuwaza swali kama hilo, na hakimu kijana aliyepangiwa huku analikuta.

Namalizia kwa neno kwa madiwani, kwa sababu nimewaona watatu hapa na sitawaachia mtoke hivihivi. Sura ya 358 ya sheria zetu, kifungu cha 12, inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutamka mila ya eneo lake na kupendekeza irekebishwe, kisha pendekezo hilo likapelekwa kwa waziri. Hata Mahakama Kuu, ilipowakatalia wale wajane wa Shinyanga, iliielekeza nchi kwenye njia hiyo. Haihitaji Bunge jipya wala Katiba mpya. Kasulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na Kibondo ina yake. Iwekeni ajenda hiyo kwenye baraza lijalo la madiwani, waiteni wajane waseme mbele yenu, andikeni wanachosema, na mkipeleke Dodoma.